Viatu vya Majani Kizingitini

"Siendi," alisema Mazoon. "Nenda wewe."

"Nakutuma mimi mkubwa wako, unanijibu?" Rawya alimrushia abaya begani. "Vaa hii yangu, yako imo kwenye mashine."

Eti maziwa ya chai. Duka lenyewe lipo pale barabarani, mtaa mzima wa Azaiba unalijua. Adhana ya magharibi ilikuwa imeshapita, baba yuko msikitini, mama kaenda Mabela kumtazama mgonjwa. Nyumbani walibaki wawili tu, yeye na dada yake. Na maziwa yapo. Mazoon alikuwa kayaona kwenye friji kwa macho yake.

Si uvivu uliomkalisha. Aliuogopa mlango.

Tangu warudi kutoka Japani, kila magharibi kizingiti kililowa. Maji ya baridi, yenye vipande vya theluji. Na hapa ni Maskati, ambako barafu ni ile ya friji tu. Na harufu ya moshi wa kuni mbichi...

Baba ndiye aliyewapeleka, Rawya alipomaliza chuo. Wakapanda milimani hadi mji wa kale unaotunzwa kama ulivyokuwa: nyumba za mbao zilizoingia weusi kwa moshi, mapaa manene ya nyasi, theluji hadi madirishani. Katika nyumba moja, jozi ya viatu vya majani ilikuwa imewekwa kizingitini, imeelekezwa ndani. Rawya alitaka kutoka nje kupiga picha. Akachomeka miguu, akaenda zake. Nani kwao anauliza viatu vya mlangoni ni vya nani? Unavaa vilivyo karibu, ukirudi unaviacha.

Bibi mtunza nyumba hakugomba. Aliitazama miguu ile, akarudi nyuma taratibu mpaka mgongo ukagusa ukuta.

Aliyekuwa akiwatembeza ndiye aliyewaeleza, kwa sauti ya chini. Zamani binti wa nyumba ile alitoka kwenye theluji, hakurudi. Mama yake akafa akimngoja. Kila mwaka husukwa viatu vipya, ili binti akija apate cha kuvaa. Havivaliwi na mwingine.

Rawya alicheka. Usiku ule hakucheka tena.

"Vaa, nimesema," Rawya alirudia sasa.

Mazoon aliivaa ile abaya. Ilinuka udi wa dada yake, mafuta yake, jasho lake. Hapo ndipo alipogutuka.

"Kwa nini yako, dada?"

Rawya aliutazama mlango.

Nje, shaa... shaa... Kama mtu anayeburuta miguu kwenye kitu laini, chenye kina. Uani kwao kuna vigae tu.

Taa ya ukumbi ikafifia.

"Anataka mmoja," Rawya alinong'ona. "Akimpata, hatorudi tena."

"Nani kakwambia?"

"Mwenyewe. Kila nikilala."

"Kwa lugha gani?"

"Yetu. Mwanzo hakuijua. Kajifunza kwangu."

Mazoon akarudi nyuma, lakini mkono wa dada ulikuwa umeshamkamata ukosi. Hakuwahi kujua kama Rawya ana nguvu kiasi kile. Walivutana ukumbini kimya kimya, wakapindua meza, chetezo kikaanguka na majivu yake. Mazoon alimuuma. Rawya hakuachia.

Shaa...

Ikanyamaza.

Kitasa kilizunguka polepole. Baridi ikaingia kabla ya mlango kufunguka, ikamkata Mazoon vifundoni. Gizani palisimama mwanamke mfupi, kainama, nywele zimeganda theluji. Uso hakuuona. Aliona mikono tu, imenyooshwa kama ya mama aliyechoka kungoja.

Ilimwelekea Rawya. Ikasita. Mwanamke akanusa, akaielekea ile abaya.

Rawya akamsukuma mdogo wake mbele, akasema kwa upole, kwa adabu zote walizofunzwa za kumpokea mgeni:

"Mwanao huyu hapa, mama. Mimi si wako."