Taa Iliyokesha

Sogeeni, sogeeni. Aliye mbali aje karibu, na aliye karibu atulie.

Huko juu milimani Upare, kabla nyaya za umeme hazijapanda, aliishi mtoto mmoja. Jina lake Namsifu.

Nyumba yao ilikuwa na dirisha lililotazama bonde. Ng'ambo ya bonde kulikuwa na mlima mwingine, na kwenye mlima ule kulikuwa na nyumba ya Bibi.

Kwenda kwa Bibi ni kushuka, kushuka, kushuka. Unavuka mto. Halafu unapanda, unapanda, mpaka magoti yaseme basi.

Siku moja Bibi aliteleza, akavunjika mguu. Mama akafunga kanga zake kwenye furushi.

"Naenda kumuuguza Bibi," Mama akasema.

"Mpaka lini?" Namsifu akauliza.

"Mpaka aweze kusimama mwenyewe, mwanangu."

Mama akashuka, akashuka, akavuka mto. Akapanda. Namsifu alimtazama mpaka akawa mdogo kama sisimizi. Kisha hakumwona tena.

Jioni ile nyumbani kulikuwa na Baba, na kaka yake Mbonea, na ugali wa Baba.

"Baba, ugali huu mgumu," Mbonea akasema. "Tungeukata matofali tukajenga choo."

"Kula tofali lako," Baba akasema. "Kesho nitakupa lingine."

Wakacheka. Namsifu naye akacheka kidogo. Kisha akakumbuka ugali wa Mama, akaacha kucheka.

Baada ya kula walisali. Baada ya kusali, Baba akazima taa.

Taa yao ilikuwa chemli, taa ya mafuta, yenye kioo cha mviringo na utambi katikati. Siku zote aliyeizima ni Mama.

Mama alikuwa akizungusha kigurudumu cha pembeni polepole. Kiri, kiri, kiri. Utambi ukashuka, na moto ukawa mdogo. Mama akasema kwa sauti ya chini:

*Shuka, utambi, shuka.*
*Moto lala, nasi tulale.*
*Fuu.*

Baba hakuyajua maneno yale. Baba alifanya fuu tu, akapanda kitandani.

Giza likaingia. Namsifu akachungulia dirishani.

Ng'ambo ya bonde, taa ya Bibi ilikuwa inawaka. Ilikuwa ndogo, ndogo kama punje ya mtama.

"Mama yuko pale," Namsifu akanong'ona.

Siku ya pili, Mama hakurudi. Usiku, ng'ambo ya bonde, taa ikawaka. Ndogo, ndogo kama punje ya mtama.

"Mama yuko pale," Namsifu akanong'ona.

Siku ya tatu, Mama hakurudi. Namsifu alichukua kanga ya Mama iliyobaki, akainusa. Ilikuwa na harufu ya moshi na sabuni. Akaikunja, akailaza chini ya mto wake.

Usiku akamgusa kaka yake begani.

"Mbonea, Mama akitazama huku kwetu anaona nini?"

"Anaona giza. Taa si imezimwa."

"Mimi hanioni?"

"Atakuonaje? Kwani wewe ni kimulimuli?"

Mbonea akacheka, akageukia ukutani. Namsifu hakucheka. Akalala macho wazi, anawaza.

Sisi tunaiona taa ya Mama. Mama haioni yetu. Atadhani tumemsahau.

Siku ya nne akamwomba Baba.

"Baba, leo tuiache taa iwake."

"Hapana, binti yangu. Hatulali na moto ndani."

"Ni kidogo tu."

"Moto mdogo ukikukuta umelala, haukai mdogo," Baba akasema. Akafanya fuu.

Siku ya tano Baba alichimba tangawizi kutwa nzima. Mgongo ulimuuma, na macho yake yalikuwa mazito. Mbonea alisinzia hata kabla ya "Amina".

"Mbonea, zima taa," Baba akasema.

Mbonea akakoroma. Khoroo.

"Nitazima mimi, Baba," Namsifu akasema.

"Unajua?"

"Najua. Nilikuwa namwangalia Mama kila siku."

"Haya. Polepole," Baba akasema. Naye akakoroma. Khoroo, khoroo.

Namsifu akazungusha kigurudumu. Kiri, kiri, kiri. Akasema kwa sauti ya chini:

*Shuka, utambi, shuka.*
*Moto lala...*

Akanyamaza. Hakufanya fuu.

Akaishika taa kwa kishikio chake cha juu, kile cha waya, akaipeleka dirishani. Akasogeza pazia pembeni. Kisha akazungusha kigurudumu upande wa pili, na moto ukapanda. Ukapanda sana.

"Mama, tuko hapa," Namsifu akasema.

Akalala. Kwa mara ya kwanza tangu Mama aondoke, alilala haraka.

Taa haikulala. Iliwaka, ikawaka, ikanywa mafuta yote.

Asubuhi kioo kilikuwa cheusi kama chungu. Nyumba ilinuka moshi. Na pazia, lililorudi lenyewe mahali pake, lilikuwa limeungua pembeni. Palikuwa na alama ya kahawia, pana kama kiganja.

Mbonea akaishika alama ile. Hakuwa na utani.

"We Namsifu," akasema. "Umefanya nini?"

Namsifu aliona haya.

Baba alikuwa nje anatafuta jembe. Namsifu akakaa karibu na kinu, akajificha. Hakutaka Baba aone pazia.

Jua lilipokuwa limepanda kidogo, wakasikia miguu inakuja mbio. Pa, pa, pa, pa.

Ni Mama.

Kanga yake ilikuwa imelowa umande mpaka magotini. Kiatu kimoja alikishika mkononi, kamba yake imekatika. Alikuwa anahema.

"Mama," Namsifu akasema, akamkimbilia.

Mama hakumkumbatia. Kwanza alimshika paji la uso. Akamshika Mbonea paji la uso. Akamtazama Baba kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Nani anaumwa?" Mama akauliza. "Niambieni tu. Nani?"

"Hakuna anayeumwa, Mama Mbonea," Baba akasema. "Sote wazima. Vipi wewe?"

Mama akakaa chini palepale uani.

"Nimeona taa," akasema. "Usiku kucha nimeona taa yenu. Nikasema, sasa watazima. Haikuzimwa. Jogoo akawika, bado inawaka."

Baba akajishika kichwa.

Maana kule milimani kila mtu anajua. Taa ikikesha, nyumba ile ina mgonjwa. Au ina msiba. Watu hawaachi moto uwake mpaka asubuhi bure bure.

"Sikulala hata kidogo," Mama akasema. "Nilikaa mlangoni kwa Bibi, nikaomba mpaka maneno yakaniishia. Kulipopambazuka nikamwita jirani amtazame Bibi, nikashuka mlima mbio."

Mama akafunika uso kwa kanga. Mabega yake yakatikisika. Namsifu hakuwahi kumwona Mama akilia.

Alikuwa amemtamani Mama siku tano. Sasa Mama huyu hapa. Lakini Namsifu hakufurahi.

Angeweza kukaa kimya. Angeweza kusema sijui. Ulimi wake ulikuwa mzito kama jiwe la kusagia. Akamwomba Mungu kimoyomoyo amsaidie kuuinua.

"Ni mimi," akasema. "Baba aliniambia nizime. Sikuzima. Niliiweka dirishani. Na pazia limeungua."

"Kwa nini, mama?" Mama akauliza.

"Ulikuwa unaona giza tu. Nilidhani utasema tumekusahau."

Mama akafungua mikono. Namsifu akaingia katikati yake, kwenye umande na harufu ya moshi na sabuni. Wakakaa hivyo kitambo.

Baba akaenda kulitazama pazia. Akarudi polepole.

"Umekosa, Namsifu," akasema. "Nilikukataza. Lakini na mimi nimekosa. Nililala kabla taa haijalala. Kazi ya moto si ya mtoto peke yake. Mungu atusamehe sote wawili."

"Na mimi nilikoroma kwenye sala," Mbonea akasema.

"Wewe tumekusikia wote," Baba akasema.

Mama akacheka huku machozi bado yanashuka.

Kisha Mama akaleta taa uani. Ilikuwa imepoa, akaitia mafuta mapya. Akafuta masizi kwa kitambaa kikavu, mpaka kioo kikaonyesha vidole vyake.

"Tazama," akasema. "Ukitaka kuzima, taa iwe chini, mahali pa wazi. Mbali na pazia, mbali na godoro. Na mkubwa awe amesimama karibu."

"Baba?"

"Baba, na awe macho. Kioo cha moto usikishike. Usikimwagie maji, kitapasuka, tii. Shusha utambi kwanza, polepole. Moto mkubwa haupulizwi, unaweza kukurukia."

Namsifu akazungusha kigurudumu. Kiri, kiri, kiri.

"Utambi ukishuka kabisa, Baba atainua kioo kidogo. Unapuliza kwa pembeni. Kidogo tu, kama unapoza uji."

"Na maneno?"

"Na maneno," Mama akasema.

Jua likafika katikati. Mama akafunga kamba ya kiatu. Namsifu akashika ncha ya kanga yake.

"Kaa," akasema. "Kaa leo tu."

"Bibi akitaka maji, nani atampa? Hawezi kusimama."

Namsifu akamfikiria Bibi kitandani, anaita, na maji yako mbali. Akaitazama ile ncha ya kanga. Akaiachia.

"Mama, leo usiku utalala?"

"Nikiona taa yenu imezimwa, nitajua mko salama. Nitalala."

Mama akashuka, akashuka, akavuka mto. Akapanda. Akawa mdogo kama sisimizi. Kisha Namsifu hakumwona tena.

Jioni ikaja. Wakala ugali wa Baba.

"Leo ni laini," Mbonea akasema. "Leo ni tofali bichi."

Wakasali. Mbonea alisema "Amina" kwa nguvu, ili wamsikie.

Namsifu akachungulia dirishani. Ng'ambo ya bonde, taa ya Bibi ilikuwa inawaka. Ndogo, ndogo kama punje ya mtama.

"Mama yuko pale," akanong'ona. "Yuko mlangoni. Anatazama."

Alitaka kuipandisha taa juu, juu kabisa, ili Mama aone jinsi anavyomtamani. Lakini Mama alikuwa hajalala tangu jana.

Baba akaiweka chemli sakafuni, katikati ya chumba. Akachuchumaa karibu, macho wazi.

Namsifu akazungusha kigurudumu. Kiri, kiri, kiri. Utambi ukashuka. Moto ukawa mdogo, ukawa wa bluu.

*Shuka, utambi, shuka.*
*Moto lala, nasi tulale.*

Baba akabonyeza kichuma cha pembeni. Kioo kikainuka kidogo. Namsifu akainama upande, akapuliza kama anayepoza uji.

*Fuu.*

Uzi mmoja wa moshi ukapanda, ukapotea. Giza likaingia nyumbani.

"Umezima vizuri," Baba akasema gizani. "Umeizima kama mama yako."

Namsifu akapapasa mpaka dirishani. Mbonea akaja, akasimama nyuma yake.

Ng'ambo ya bonde, ile punje ya mtama ikaendelea kuwaka. Wakangoja. Chura mmoja akalia mtoni. Wakangoja tena.

Punje ikapungua. Ikapungua. Ikazimika.

"Amelala?" Mbonea akauliza.

"Amelala," Namsifu akasema.

Akarudi kitandani, akajifunika kanga ya Mama mpaka shingoni. Mlima huu ukalala, na mlima ule ukalala. Naye akalala.