Muntu Kando ya Muti

Mama Emérita, ambaye hema yake ya bashi inapakana na ya kina Claudette kule kambini Lushebere, anasema alimuona kwa macho yake. Shema, shofere wa kamio ya buluu ya mizigo, alikaa mbele ya duka moja Walikale, mukono wake ndani ya mukono wa mwanamuke. Mwanamuke alivaa kikwembe cha njano, na alikuwa anamuandikia kitu ndani ya kiganja, kwa kidole, pole pole. Shema alikuwa anacheka. Mama Emérita alisimulia hayo akichagua maharagi, na pale pa kiganja akaparudilia mara mbili.

Claudette aliendelea kumenya mihogo. Lakini pale pa kiganja njo palimuuma, kwa sababu na yeye Shema alimuanza vile vile.

Ilikuwa siku ya soko Masisi, katikati ya watu, mbuzi na pikipiki. Claudette alikuwa na kitunga cha mihogo mugongoni, kamba kwenye paji la uso, robe ya caguwa, mutumba uliopauka, na sapatu za rangi mbili. Wanawake wanaobeba hawatui njiani. Ukitua, nani atakuinulia? Wanaegemeza kitunga kwenye ukingo wa barabara ao kwenye muti, wanapumua, wanaendelea. Siku ile ukingo ulikuwa mbali, akaegemea kamio.

"Dada, utaniangushia kamio," sauti ikasema kutoka juu.

"Kama mihogo inaweza kuiangusha, uiuze."

Shema akashuka. Shati jeupe la pasi, suruali yenye matope mpaka magoti. Claudette akamuuliza ile kibao cha plastiki nyuma ya kioo imeandikwa nini. Shema akasema kamio ilitoka nayo Japani. Iko na alama tatu, na telefone ilimufundisha ya kwanza tu, 休: pumzika. Inasomwa *yasumu*. Akaomba kiganja chake, akamuandikia mistari sita. Kushoto muntu, kuume muti.

Claudette, aliyeachia masomo mwaka wa tano, aliiangalia sana.

"Huyu muntu iko na kitunga."

"Hakuna kitunga pale, dada."

"Iko nacho. Asingekuwa nacho, angekaa chini."

Shema akatoa telefone. Akaomba namba.

Tangu hapo alikuwa anapiga kila alipopata rezo ya telefone. Alimuita mwalimu, alimuita chérie, akamuuliza leo ameandika ngapi. Claudette aliandika kwa makaa chini ya sufuria, akaisugua, akaandika tena, mpaka muntu na muti wakasimama vizuri. Shema alipotaka kwenda kumuomba Claudette kwa Papa Habumugisha, baba yake, Claudette alimupa neno moja tu: aache barabara ya Walikale, yenye watu wa bunduki. Claudette alishakimbia vita mara tatu. Hakutaka kuolewa ili akae anategea sikio kama kamio inakuja. Shema alikubali. Safari moja ya mwisho, akasema, akaondoka.

Siku kumi na tisa, kimya. Kisha Mama Emérita akarudi kutoka Walikale na habari yake.

Shema alipoanza kupiga, Claudette aliacha telefone ilie siku tatu. Ya ine akaishika.

"Claudette wangu."

"Wako wa kiganja gani?"

Hapo Shema alieleza, pole pole, kama muntu anayepanda mulima. Daraja lilikatika. Malaria ilimulaza kwa masista. Mwanamuke wa kikwembe ni Masoeur Olga, mumoja wa wale masista, aliyetumika Japani miaka kenda, na siku ile alikuwa ametoka shambani, njo maana ya kikwembe. Shema alimuuliza kwa nini telefone, kwa kusoma kibao yote, haisemi *yasumu*, inasema *kyū*. Masoeur akajibu: ukimuambia muntu pumzika, utasoma *yasumu*. Alama ikiungana na zingine, kama pale kwenye kibao, inasomwa *kyū*. Alama ni ile ile.

"Iko na miaka ngapi, huyo Masoeur?" Claudette akauliza.

"Amepita sitini. Alinigombeza, eti muti wangu uko na muguu mufupi."

Claudette alicheka kidogo, cheko la muntu ambaye hajalala vizuri.

"*Kyū*," akasema.

"Njo vile, mwalimu."

Siku ya kugawa posho kambini Shema alifika Lushebere saa sita. Shati lile lile jeupe, sasa linaninginia. Walikaa kwenye ngazi ya kamio, bega kwa bega. Shema akamuambia kesho yeye na kaka yake mukubwa wataingia kwa Papa Habumugisha. Claudette akaitika. Njo akageuza macho nyuma, akaona bashi imefunikwa juu ya mifuko ya unga na madumu ya mafuta, kamba mupya zimekazwa.

"Hii inaenda wapi?"

Shema aliangalia viatu vyake. Patron, mwenye kamio, alikosa shofere mwingine, akasema. Walikale tu, na kurudi. Moja tu.

Claudette hakupandisha sauti. Hakuwa na nguvu ya kuipandisha.

"Shema, mupe patron ufunguo wake. Leo, mbele hujaenda kwa papa."

Shema akatoa ufunguo mufukoni, akaushika kwa mikono miwili. Nyuma yao kamio ingine ilipiga honi, inataka njia.

"Umenisikia, Shema?"