Mfongo Haunywi Shilingi

Huko Kilema, mwaka 1952, alikuwepo mkulima mmoja aliyeitwa Primus. Tusimseme vibaya bure mtoto wa watu. Primus alikuwa mchapakazi. Watu walipoamka, yeye alikuwa amekwisha kupalilia mistari miwili ya kahawa. Mkewe, Dominika, alikata majani ya ng'ombe. Binti yao, Zita, alichota maji na kufagia ua kabla ya kwenda shule. Jioni walikula ndizi, wakasali rozari, wakalala.

Mwaka huo nyumba ile ilikuwa na jambo moja kubwa. Zita alikuwa amefaulu mtihani. Masista walikubali kumpokea katika shule yao ya bweni mwezi wa Januari. Ada ingetoka kwenye kahawa. Kahawa ikiwa nzuri, Zita angekwenda. Ikiwa mbaya, angebaki nyumbani kukata majani. Njia ya tatu haikuwepo.

Sasa sikilizeni balaa lilikoingilia. Mwezi wa Julai Primus aliteremka Moshi mjini kununua jembe. Karibu na soko alimkuta Yunusu, muuzaji wa vitabu vilivyokwisha tumika, ametandika mkeka wake.

"Karibu, ndugu yangu," Yunusu alisema. "Unajua Kiingereza?"

"Nilisoma kwa mapadri," Primus akajibu kwa maringo kidogo.

"Basi hiki ni chako." Yunusu akamwonyesha kitabu chenye jalada jekundu. "Kinafundisha kutajirika. Mzungu mmoja aliniuzia alipokuwa anarudi kwao."

"Na yeye alitajirika?"

Yunusu akacheka. "Ndugu yangu, mtu tajiri angekuja kuniuzia mimi vitabu? Aliniuzia mpaka viatu!"

Maneno hayo yangetosha kumwamsha mtu aliyelala. Lakini Primus alikuwa amekwisha kulifungua jalada. Alirudi Kilema na kitabu. Jembe hakununua.

Tangu siku hiyo asubuhi zake zilibadilika. Alikaa kwenye kigoda mbele ya nyumba, kitabu mkono huu, kamusi mkono ule. Kitabu kilisema, "Kila asubuhi jione umekwisha kuwa tajiri." Primus akafumba macho, akajiona. Aliona nyumba ya bati, baiskeli mpya, na watu wanamwamkia.

"Baba Zita," Dominika aliita kutoka shambani, "kahawa imeiva. Ndege wanatusaidia kula!"

"Tafuta vibarua wawili."

"Vibarua? Na wewe je?"

"Ninafanya kazi ya kichwa, mama Zita."

Dominika akatazama kichwa cha mumewe kwa muda, kama anayetafuta hiyo kazi iko upande gani. Kisha akaenda kuchuma.

Wiki mbili zikapita. Asubuhi moja pembe ikalia upande wa juu. Kila mtu wa Kilema alijua maana yake. Ilikuwa siku ya mfongo, yaani siku ya kusafisha mfereji unaoleta maji kutoka mtoni, juu mlimani. Udongo ulikuwa umeporomoka mahali fulani, maji yakapungua. Kila nyumba ilitoa mtu mmoja mwenye jembe. Asiyechimba hakupewa zamu ya maji. Sheria hiyo haikuandikwa popote, na hakuna aliyewahi kuhitaji kuisoma.

Primus akainuka kutafuta jembe lake la zamani. Halafu akakumbuka ukurasa wa arobaini. "Saa ya mwenye kutaka utajiri ni dhahabu. Usiitupe kwenye kazi ambayo mtu mwingine anaweza kuifanya."

Akaketi tena. Akamwita binti yake.

"Zita, mpelekee Meku Thadeus shilingi hizi tano. Mwambie atafute mtu wa kuchimba badala yangu."

Thadeus, ambaye wote walimwita Meku, yaani mzee, ndiye aliyekuwa msimamizi wa mfongo. Zita aliangalia shilingi, akamwangalia baba yake.

"Baba, wengine wote wanakwenda wenyewe."

"Nenda, mwanangu. Hujui mambo haya."

Zita akaenda. Alirudi upesi, macho chini. Shilingi zilikuwa zimefungwa kwenye kipande cha jani la mgomba. Zote tano.

"Meku amesema nini?"

"Amesema mfongo haunywi shilingi."

"Na wengine?"

"Wamecheka, baba. Wameniuliza kama baba yangu ni mgonjwa."

Primus aliona uso wake unawaka moto. Basi akafungua kitabu tena. Mtu akiona haya na hataki kuyaona, hutafuta pa kuficha macho.

Zamu yao ya maji ilikuwa Jumamosi. Siku ya Alhamisi Dominika na vibarua walichuma kahawa nyekundu tupu, magunia mawili. Jioni waliimenya kwa mashine ya mkono na kuilaza kwenye pipa, ili ule ute unaoteleza utoke. Jumamosi ilitakiwa kuoshwa kwa maji mengi na kuanikwa.

Jumamosi maji hayakuja.

Primus akapanda kufuata mfereji. Alikuta tawi la kwenda kwake limezibwa kwa magome ya migomba na udongo, limeshindiliwa vizuri kabisa. Maji yalipita kwenda kwa jirani. Angeweza kulizibua kwa mguu. Lakini alijua kwamba mtu anayeiba maji ya mfongo hazikwi na watu. Akashuka mikono mitupu.

Dominika na Zita wakabeba maji kutoka bondeni, debe kwa debe. Kilima kilikuwa kikali. Maji yakatosha kulowesha, hayakutosha kuosha. Jumapili walikwenda misa huku kahawa ikivimba ndani ya pipa. Jumatatu ilianza kunuka.

"Ikikauka harufu itaisha," Primus alisema.

Dominika akageuka akaenda kukata majani. Afadhali angegomba.

Kahawa ilipokauka waliipeleka kwenye ghala la chama cha ushirika. Watu walikuwa kwenye mstari, magunia miguuni. Mkaguzi aliitwa Elisaria, mtu wa Machame, mpole, lakini pua yake haikudanganyika. Alitia mkono ndani ya gunia la Primus, akachota kahawa, akanusa. Akanusa tena. Akaimwaga taratibu.

"Bwana Primus, hii imechacha. Siwezi kuipokea. Nikiichanganya na ya wenzako, nitaiharibu yote."

Kisha sauti moja nyuma ikasema, "Tajiri ameleta uvundo!" Watu wakacheka.

Primus angeweza kuvumilia kicheko. Lakini Zita alikuwa pale, na kikapu kidogo kichwani, kahawa aliyoiokota mwenyewe chini ya miti. Hakucheka wala kulia. Alijisogeza nyuma ya mama yake, kama mtu asiyetaka ijulikane ametoka nyumba gani. Hapo Primus alitamani ardhi ipasuke.

Kesho yake Elisaria alikuja nyumbani.

"Hodi hapa!"

"Karibu," Dominika akaitika. "Yuko ndani. Tangu jana hatoki."

Primus alitoka, hakuweza kumtazama mgeni usoni. Elisaria akakaa kwenye kigoda kile kile. Akakiona kitabu. Akakichukua, akakifungua ukurasa wa arobaini bila kutafuta.

"Lo! Mwandishi huyu ninamfahamu. Mimi nilikuwa na kitabu kama hiki nilipokuwa kijana. Nilikisoma mara tatu."

Primus akainua kichwa. "Na je, kilikusaidia?"

"Kidogo kilinisaidia. Kidogo kilitaka kuniua." Elisaria akageuza kurasa. "Angalia hapa. Anasema weka akiba kabla ya kutumia. Kweli. Hapa anasema ijue kazi yako kuliko mtu mwingine. Kweli tupu. Lakini hayo mama yako hakukwambia?"

"Aliniambia."

"Bila kukuuzia. Sasa hapa anasema jione tajiri. Ulijiona?"

Primus akainamisha kichwa tena. "Nilijiona," alisema kwa sauti ndogo. "Niliona mpaka baiskeli."

"Na kahawa ilikuwa wapi wakati huo?"

"Mtini."

Elisaria hakucheka, na Primus akamshukuru moyoni.

"Sikiliza, ndugu yangu. Kutaka mali si dhambi. Kusoma si kosa. Lakini uliza, aliyeandika anaishi wapi? Huyu ni mtu wa bomba. Maji yake yanatoka ukutani. Analipa, anafungua, yanakuja. Kwa hiyo anaweza kusema watu wanampotezea saa zake. Maji yako wewe yanatoka kwa jirani. Saa unayochimba na jirani ndiyo inayoosha kahawa yako. Hilo hakulijua, masikini. Angelijua angeliandika."

Kisha akamweleza tena mambo ya kahawa, polepole, kama kwa mtu anayeanza. "Chuma nyekundu tu. Imenye siku ile ile. Ilaze siku moja au mbili. Isugue mkononi, ikikwaruza kama changarawe, ute umetoka. Hapo ioshe mara moja, kwa maji safi yanayopita. Ikichelewa inachacha, na harufu hiyo haiondoki hata uianike mwaka mzima. Anika nyembamba, igeuze mara kwa mara. Bado una kahawa mtini?"

"Zaidi ya nusu."

"Basi ada ya mtoto bado iko mtini. Kilichopotea ni maji."

"Nitawaombaje? Nimewatumia shilingi, Elisaria! Nimewatumia shilingi kwa mkono wa mtoto!" alisema Primus. "Naona aibu."

"Uione. Ni haki yako. Lakini usiifungie ndani. Mficha uchi hazai."

Primus akaenda nyuma ya nyumba, kwenye ua wa mimea ya masale. Akachuma jani moja refu, akalipiga fundo katikati. Kwa Wachagga jani hilo ni la kuombea msamaha. Anayeletewa sale haruhusiwi kulikataa, na anayelileta hana pa kujificha, maana kila mtu njiani analiona na kujua.

Njia ya kwenda kwa Meku Thadeus haikuwa ndefu, lakini siku hiyo ilikuwa na watu wengi ajabu.

"Shikamoo, Meku."

"Marahaba."

Primus akapiga magoti, akanyoosha jani kwa mikono miwili. "Nimewadharau. Nimekosa."

Mzee alilipokea. Akaligeuza, akalitazama fundo.

"Ungekuwa mgonjwa, tungekuchimbia," alisema mwishowe. "Ungekuwa safarini, tungekuchimbia. Hatukutaka mtu wa kuchimba, Primus. Tulikutaka wewe."

Adhabu yake ilikuwa mtungi mmoja wa pombe ya mbege kwa wachimbaji, na siku tatu za kuchimba peke yake pale udongo ulipoporomoka, kando ya njia. Watoto wa shule walipita wakamtazama. Wanawake wa sokoni walimpa pole, na hiyo pole ilikata kuliko matusi. Primus alichimba. Siku ya tatu mchana alisikia jembe lingine karibu yake. Alikuwa Meku Thadeus. Wakachimba pamoja.

Jumamosi iliyofuata maji yalikuja.

Kuanzia hapo Primus alichuma mwenyewe, akamenya mwenyewe, akaosha mpaka vidole vikakunjamana. Mwezi wa Desemba Elisaria alinusa gunia lake la mwisho mbele ya watu wote.

"Hii ni safi," alisema. "Pita."

Mabati hayakupatikana mwaka ule, wala baiskeli. Ada ilipatikana. Kitabu kilibaki rafuni. Primus alikipitia kwa kalamu, akapiga mstari chini ya mambo mawili: lile la akiba, na lile la kuijua kazi. Mengine aliyaacha yalivyo.

Asubuhi ya safari sanduku la Zita lilikuwa mlangoni. Lilikuwa la mbao, zito. Primus akatia mkono mfukoni, akatoa shilingi za kumwajiri mpagazi mpaka kwa masista. Zita akaziona. Akauliza taratibu, bila ubaya:

"Baba, utanipeleka wewe, au utatuma shilingi?"

Dominika akageuka akajifanya anafunga kanga. Primus alisimama pale mlangoni, aibu yote ya mwaka ule imemrudia, tangu ile siku ya pembe. Hakujitetea. Akazirudisha shilingi mfukoni, akainama, akajitwika sanduku.

"Twende, mwanangu."

Wakapita njia kuu, mbele ya ghala, mbele ya mfongo. Watu walimwona amelowa jasho, akawasalimu wote. Zita alitembea kando yake, akimwambia kila waliyekutana naye, "Huyu ni baba. Ananipeleka shule."