Marashi Yasiyokwisha

Kichupa kiligoma kuisha. Mwezi mzima Eustakia alikuwa akinyunyizia kadi za Krismasi, tone moja kila kadi, na marashi yalikuwa yamefika shingoni vilevile kama siku ya kwanza. Mwingine angemshukuru Mungu. Yeye alikiinua kichupa dirishani, moyo ukampasuka, akakificha tena chini ya kitambaa.

Na kadi zenyewe, jamani, zilikuwa kadi kweli. Alichuna magome makavu ya migomba, akayanyoosha kwa pasi ya mkaa, akayakata nyota na Mtoto Yesu, akayabandika kwenye manila kwa uji mzito wa muhogo. Watu wa mashirika waliokuja Ngara kwa ajili ya wakimbizi walizigombania kwa ile harufu. Murusagamba nzima ilimsifu. Sifa zilimchoma, maana alijua marashi aliyapataje.

Mwaka uliotangulia, Warundi walipokuwa wakivuka mpaka, mwanamke mmoja alisimama uani kwake, midomo imepasuka, akaomba maji. Alitoa kichupa kifuani akampa, kwa kuwa hakuwa na kingine cha kutoa. Eustakia alikipokea, akamwambia asubiri. Alipofika ndani akakumbuka habari za kipindupindu. Kwao anayekupa kinywaji huonja kwanza mbele yako, ndipo nawe unywe, na chombo hurudi ndani. Akaogopa hata kukigusa chombo kitakachotoka midomoni mwa mgeni. Akatia komeo mlangoni, maji asiyatoe. Jioni mumewe, Gaspari, alimkuta mgeni amekufa migombani, akamzika palepale. Mkewe akakificha kichupa chini ya kitambaa.

Sasa maji yakaanza kupotea mtungini. Aliujaza asubuhi, adhuhuri akaukuta mkavu, na alipoketi kubandika kadi zake alisikia nyuma yake mtu akimeza, taratibu, funda baada ya funda, na akigeuka hakuna mtu, ila marashi yamezidi, yamechanganyika na harufu ya vumbi na ya nguo zilizolowa jasho zikakaukia mwilini, mpaka akawa anatoka nje mbio na gundi mikononi.

Kisha kiu ikamshika mwanawe, Agripina, wa miaka minne. Mtoto alikunywa ndoo, akalilia nyingine, na midomo ikampasuka huku tumbo limejaa. Zahanatini hawakuona ugonjwa. Padre akaleta maji ya baraka. Mtoto akayanywa yote, akaomba mengine. Alikuwa anakwisha hivihivi, mama yake anamtazama.

Gaspari akamwita Nshoma, mganga wa Kisukuma aliyehamia kijiji cha jirani na ng'ombe zake. Bibi yule hakupiga ramli. Alinusa kadi moja, akaiweka chini, akauliza ni nani aliyenyimwa maji katika nyumba hii. Ndipo Eustakia akasema, kichwa chini, mbele ya mumewe. Gaspari hakumgombeza. Alitoka, akasimama uani akiwapa mgongo, na hilo lilimuuma Eustakia kuliko kupigwa.

"Mpelekee maji yake," Nshoma alimwambia kwa sauti ya chini. "Onja kwanza, kama unavyompa mgeni yeyote. Usipoonja, hujampa."

Alasiri ile akaenda migombani na kata ya maji. Upepo haukuwapo, lakini maji yalikuwa yakitikisika, yakinukia marashi, kana kwamba mtu ameinamia upande wa pili wa kata na anayapumulia, na Eustakia akaiona midomo ile iliyopasuka kama anaitazama uso kwa uso, akaisogeza kata kinywani, akabana midomo yake kwa nguvu zote, akarudisha kichwa nyuma, akajifanya anameza. Kisha akamwaga. Udongo ulimeza kwa sauti.

Usiku ule Agripina alilala bila kuomba maji. Nshoma akaondoka na jogoo wa malipo yake. Asubuhi Eustakia, machozi ya furaha yakimlengalenga, alimpelekea mwanawe maji kikombeni.

Mtoto alikisukuma kwa upole, akamtazama mama yake kama mtu mzima anavyomtazama mwongo.

"Jana hukunywa," alisema. "Onja kwanza."

Midomo yake ilikuwa imeanza kuvuja damu upya. Eustakia aliitazama, akakichukua kikombe kwa mikono miwili. Akanywa funda la kwanza. Akanywa hadi tone la mwisho. Agripina akapiga miayo, akasema ana njaa, anataka uji. Mama yake alikuwa amepiga magoti penye mtungi, midomo ikimpasuka, anachota tena.