Kitu Bila Jina Ni Wizi

Belo la sweta za mitumba lilipofunguliwa Jumamosi ile katika soko la Kakamega, watu waliliangukia kama walioambiwa ni za bure. Lynette Awinja, ambaye kwa kawaida si mtu wa kusukumana, alijikuta katikati ya kivumbi ameshika mkono mmoja wa sweta ya buluu. Mkono wa pili ulishikwa na kijana mrefu, shati jeupe limepigwa pasi mpaka kola imesimama wima.

"Dada, hii ni ya wanaume," kijana akasema.

"Imeandikwa wapi?"

"Angalia vifungo. Viko upande wa kulia."

"Mimi naangalia baridi."

Kijana alicheka, akaachilia. Malipo aliyotaka ni jina tu, na Lynette akampa moja kati ya mawili, Awinja, kisha akaenda zake. Alikuwa amevaa gauni la kijani lenye maua madogo meupe, nywele zimesukwa kurudi nyuma, na alijua vizuri kwamba anatazamwa. Wasichana hujifanya hawajui mambo hayo. Wanajua.

Jumatatu kijana akatokea katika ofisi ya kupiga taipu alikofanya kazi Lynette, ghorofani, karibu na posta. Alisema ana mtihani wa kuchapishwa. Jina lake Eugene Wanjala, mtu wa Malava, mwalimu wa kompyuta katika chuo kimoja mjini. Mwenye ofisi, Bi Jescah, aliuliza kwa sauti ya upole kama chuo hicho kimekosa kompyuta siku hizi. Eugene alitazama dirishani. Lynette aliinamisha kichwa kwenye kibodi ili asionekane anacheka, na hapo ndipo mambo yalipoanza.

Huo ulikuwa mwaka wa tisini na tisa. Intaneti ilikuwa imefika Kakamega juzijuzi, na ofisi ya Bi Jescah iliipata kupitia waya uleule wa simu. Lynette akiingia intaneti, simu hailii. Eugene alipata taabu.

"Laini yako inashinda bize," alilalamika siku moja alipofaulu kumpata. "Unaongeanga na nani?"

"Na Kanada."

"Huyo Kanada ni mrefu kama mimi?"

"Ni mama ana watoto wakubwa na mbwa mgonjwa. Usiwe na wivu, sukari yangu."

"Sema tena hapo mwisho."

"Bi Jescah ananiangalia."

"Sema polepole."

Akasema polepole, na Bi Jescah akasikia hata hivyo.

Huyo mama wa Kanada alikuwa wa chama. Lynette ndiye aliyekiita chama. Wanawake wa nchi mbalimbali waliandika shajara zao kwenye kurasa za intaneti, wakasomana, wakaliliana, wakapeana moyo. Hakuna aliyetumia jina lake wala kutaja mji wake, na Lynette alijulikana kwa jina la Binti wa Miwa tu. Ulichosoma pale hukukitoa nje bila kuomba, na mwanamke mmoja aliyewahi kukitoa alifukuzwa siku hiyohiyo. Mambo ambayo Lynette asingemwambia mtu yeyote Kakamega aliyaandika pale kwa Kiingereza chake cha sekondari, akalala usingizi mzuri.

Eugene naye alikuwa na watu wake. Tangu alipokuwa chuo kikuu Nairobi alikuwa mwanachama wa Baraza, orodha ya barua pepe ya Wakenya waliotawanyika duniani na njaa yao ya nyumbani. Baraza halikuficha kitu. Ukipata kizuri unakipeleka mbele, nao wanakipeleka mbele zaidi. Dhambi ilikuwa moja tu, kupeleka maandishi ya mtu bila kumtaja. Jina kamili na kwao, ili watu wa kwao wamjue na wajivune. Aliyesahau aliitwa mwizi mbele ya wote mpaka aombe msamaha.

Wapenzi hawa wawili waliongea juu ya kila kitu chini ya jua, lakini hawakuwahi kuongea juu ya hilo. Lynette hakumwambia Eugene sheria za chama. Hakudhani zinahitaji kutajwa, kama vile humwambii mgeni asifunue sufuria zako.

Walipatana kwamba mwezi wa Desemba Eugene angekwenda Matungu, nyumbani kwa kina Lynette, na wazee wake kujitambulisha. Lynette alitaka amjue baba yake kabla ya siku hiyo, si kumwona tu, bali kumjua. Akamwandikia kwenye karatasi anwani ya ukurasa wake.

"Usome ile ya baba," akamwambia. "Hakuna mtu nimempa hii. Hata mama hajui."

Mzee Osundwa, baba yake, alikuwa mkulima wa miwa na msomaji wa Neno kanisani kwao. Kila Jumapili alisimama mbele, akavaa miwani, akasoma somo kwa sauti iliyofanya watu waache kukohoa. Jambo ambalo waumini hawakulijua ni kwamba mzee hakujua hata herufi moja. Alichunga ng'ombe wakati ndugu zake wanaenda shule. Zamani mkewe Maximilla alimsomea somo alfajiri, na macho ya mama yalipochoka, Lynette akachukua kazi hiyo tangu akiwa msichana mdogo. Mzee alisikiliza mara mbili, ya tatu akalisema mwenyewe. Alijifunza hata pa kufunua ukurasa. Lynette, ingawa alifanya kazi mjini, alirudi Matungu kila Jumamosi kwa ajili hiyo. Ndicho alichokiandika, jinsi kidole cha baba kinavyotembea juu ya mistari kisiyoiona, na jinsi yeye akiwa benchi la pili anavyoshika pumzi mpaka amalize. Hakuandika kumcheka. Aliandika kwa sababu alimpenda mpaka ikamlemea.

Eugene alisoma na kulia, na kwa moyo mweupe kabisa akakipeleka kwenye Baraza. Juu yake aliandika: *Haya ni ya Lynette Awinja Osundwa, wa Matungu.*

Jumamosi asubuhi alipanda ngazi za ofisi akiruka mbili mbili, mkononi ana rundo la majibu aliyochapisha.

"Watu wamelia mpaka Amerika," alisema. "Wanauliza huyu mwandishi alikuwa amejificha wapi."

Lynette alizitazama zile karatasi.

"Umeweka jina?"

"Kamili. Na kwenu. Ningewekaje kitu chako bila jina lako? Hiyo ni wizi, mpenzi."

"Eugene, umenimaliza."

Alicheka kwanza, akidhani ni utani wao wa kila siku. Alipomwona anakusanya mkoba bila hata kuzima kompyuta, akaziweka karatasi chini. Alimfuata ngazini akimsihi aeleze, akisema Matungu hakuna intaneti, nani atajua. Lynette alizidi kushuka. Alikuwa anawaza simu. Mtu wa Amerika hana haja ya intaneti kuwafikia watu wa Matungu.

Na ndivyo ilivyokuwa. Mzee Were, mzee mwenzake baba kanisani, alikuwa na mwana Amerika, na mwana huyo alikuwa wa Baraza. Alipiga simu nyumbani akicheka, na pengine hakukusudia ubaya. Lakini Mzee Were alikuwa ameitamani ile nafasi ya kusoma kwa muda mrefu.

Lynette alifika nyumbani na nia ya kusema yote. Alimkuta baba yake anampigia mama hadithi za kiwanda cha sukari, amechangamka, obusuma, ule ugali wa kwao, uko mezani pamoja na ingokho, kuku aliyechinjwa kwa ajili yake. Akala. Akasema atasema kesho. Alfajiri akamsomea somo la mavuno, baba akalishika mara ya kwanza tu, akajisifu kwamba kichwa chake bado ni kipya, na Lynette akakosa ulimi. Kosa hilo lilikuwa lake mwenyewe, si la Eugene.

Kanisani, kabla ya Mzee Osundwa kufika mbele, Mzee Were alisimama akatangaza kwamba somo la leo limebadilishwa. Alitaja lingine, sura na mstari, akawaomba wote wafungue vitabu vyao wafuatilie. Kurasa zikafunuliwa kanisa zima.

Mzee Osundwa alisimama na Kitabu mikononi. Alivaa miwani. Lynette aliona kidole cha baba yake kinatafuta mahali pa kukaa. Alitaka kuinuka apige kelele, azirai, afanye lolote, lakini alibaki ameshika ukingo wa benchi. Kisha baba yake akaanza kusema somo la mavuno. Hakuwa na lingine. Alilisema lote, kwa sauti yake ileile nzuri, akafunua ukurasa pale alipofundishwa, huku watu wamekodolea vitabu vyao mahali pengine kabisa. Nyuma mtu alicheka. Wengine waliinamisha vichwa, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alipomaliza alifunga Kitabu, akakiweka mezani kwa adabu, akatoka kwa mlango wa pembeni.

Walimkuta nyumbani ameketi nje, miwani mfukoni.

"Tulikuwa watatu tunaojua," alisema bila kumtazama mtu. "Mama yako hasemangi."

Lynette alipiga magoti. "Niliandika, baba. Kwa watu wa mbali wasiokujua. Mtu mmoja akakitoa nje."

"Uliandika nini?"

Akamwambia. Alimtafsiria yote, sentensi kwa sentensi, kwa lugha ya nyumbani. Mzee alisikiliza kama alivyosikiliza masomo yote, macho yamefumbwa. Mwishoni aliyafumbua.

"Umeandika vizuri," akasema. "Lakini hilo jambo lilikuwa langu, mama. Halikuwa lako la kumpa mtu. Wala la huyo mtu wako."

Hakumgombeza. Afadhali angemgombeza.

Juma lililofuata Eugene alipiga simu mpaka Bi Jescah akamwonea huruma. Lynette alipokubali kushika mkono wa simu, alimsikia sauti imekauka. Alisema ameliandikia Baraza akiomba wakifute, na wamejibu kwa pole nyingi, ila kimeshafika orodha nyingine ambazo yeye hazijui. Alisema hakulala. Alisema alidhani anamheshimu.

"Najua," Lynette akasema. "Kwenu hivyo ndivyo watu huheshimiana. Na mimi sikukuambia kwetu tunafanyaje. Na kabla yako, mimi mwenyewe sikumwuliza baba. Nimekusamehe, Eugene."

"Basi nije Matungu. Nitapiga magoti mbele ya mzee. Wazee wangu wako tayari."

Lynette alifumba macho. Alimwona baba yake kwenye kiti chake, na wageni kutoka Malava wamejipanga mbele yake na kofia magotini.

"Niambie jambo moja na usinidanganye," alisema. "Hao wazee wako wamesikia?"

Eugene akaanza kuhesabu wazee watakaokuja.

"Eugene."

"Mjomba ana binti London," akasema taratibu. "Aliniambia watu wanacheka tu kidogo. Watasahau, mpenzi. Watu wanasahaunga."

"Watakula kwa baba yangu, wamwite mkwe, na kila mmoja atakuwa anajua. Na yeye atajua kwamba wanajua. Kila harusi, kila matanga, mpaka afe. Nimempa hilo kanisani. Sitampa tena nyumbani kwake."

"Kwani hunipendi tena?"

"Nakupenda. Ningekuwa sikupendi ningekuambia uje."

Alimsikia analia upande wa pili, mwanaume mzima, katika ofisi ya chuo ambako bila shaka kulikuwa na watu. Alitamani kumwita sukari yangu. Neno lilifika mdomoni, akalimeza, akarudisha mkono wa simu mahali pake polepole.

Mteja alikuwa anamngoja, mama aliyetaka kadi za harusi ya bintiye. Lynette alivuta kiti, akaanza kuchapa jina la bwana harusi na kwao, jina la bibi harusi na kwao, huku machozi yakidondoka kwenye kibodi, na mama yule akidhani anawafurahia.