Roshani ya Vioo ya Nermin

Asubuhi ile, mjini Sivas huko Uturuki, theluji ilifika magotini. Nermin alikuwa jikoni akipanga zeituni na jibini mezani. Mumewe alikuwa ameshaenda kazini. Mama mkwe wake, Bi Pakize, alikaa roshani tangu alfajiri akifuma soksi. Mlango ameufunga, joto lisitoke.

Roshani hiyo ilikuwa fahari ya Nermin. Wiki iliyopita aliizungushia vioo, kama majirani wengi. Upepo haukuingia tena.

Ghafla boila la gesi ukutani, lile la kupasha maji na nyumba joto, likazimika. Nermin akabonyeza kitufe. Tik, tik, tik. Kimya. Akabonyeza tena na tena. Halikuwaka. Akapanda ghorofa ya juu kumwita jirani yake Yavuz, fundi wa gesi.

Yavuz alivua viatu mlangoni, akaingia.

"Umebonyeza mara ngapi, shemeji?"

"Kama mara saba hivi."

"Saba! Hiyo ni kengele ya mlango? Likigoma mara mbili, liache, uite fundi."

Akawasha jiko. Gesi ipo. Akatazama kipimo cha maji. Kiko sawa. Kisha akafuata kwa kidole bomba la kutolea hewa chafu, hadi lilipopenya ukuta.

"Hili linatokea wapi?"

"Roshani."

"Si iko wazi?"

"Zamani hiyo! Nimeweka vioo, hata nzi hapiti," Nermin akajigamba.

Uso wa Yavuz ulibadilika.

"Kuna mtu huko?"

"Mama."

Yavuz alikimbia. Nermin akamfuata. Bi Pakize alikuwa kitini, kichwa kimeinama, soksi imeanguka sakafuni.

"Mama! Mama!"

Hakujibu.

"Tumtoe nje haraka!" Yavuz akasema. Walimbeba hadi mlango wa mbele, penye hewa safi. Yavuz akafunga gesi, akafungua madirisha yote, akapiga simu ya gari la wagonjwa. Nermin alipiga magoti kando ya mama. Mikono yake mwenyewe ilikuwa imemfungia mama kwenye sumu.

Kabla gari halijafika, Bi Pakize alifumbua macho.

"Kichwa kinaniuma," alinong'ona. Nermin akaangua kilio.

"Hewa chafu ya bomba ilijaa humo, nayo haina rangi wala harufu," Yavuz alimwambia. "Inaumiza kichwa, inalegeza mwili, kisha inaua. Boila halikuharibika, shemeji. Lilikosa hewa safi, likajizima. Mama hana kitufe cha kujizima."

Siku ya tatu Bi Pakize alirudi kutoka hospitali. Fundi mwenye kibali alikuwa ameshalirefusha bomba likatokea nje kabisa ya vioo. Ukutani kulifungwa king'ora cha kugundua sumu ile. Boila likawaka mara moja.

"Sasa nipe soksi yangu nimalizie," Bi Pakize alisema.

Nermin alimpa. Kisha akatazama nyumba za ng'ambo. Roshani zenye vioo zilikuwa nyingi mno. Akajifunga kitambaa kichwani, akatoka kubisha hodi mlango kwa mlango.

Katika nyumba mbili za kwanza, bomba lilitokea nje ya vioo. Mlango wa tatu ulifunguliwa na mwanamke aliyeshika paji la uso.

"Karibu, jirani. Nisamehe, kichwa kinanigonga tangu jana, na boila nalo limegoma."

Nermin hakuvua hata viatu. Alimshika mkono akamvuta nje, akipaza sauti, "Kuna nani mwingine ndani?"