Kikombe Kimoja cha Kupozea

Ukitaka kumuudhi Bibi, mwambie nyumba yake ni chafu. Uwanja wake ulifagiwa kabla kuku hawajaamka vizuri. Sufuria zake zilisuguliwa kwa majivu mpaka ukaweza kujitazama. Na maji ya kunywa, hayo ndiyo usiseme. Yalichemshwa kila siku ya Mungu.

Kijiji chao kilikuwa mwisho wa njia. Hakikuwa na bomba wala pampu. Watu walichota maji kijitoni. Ng'ombe nao walikunywa hapo hapo, wakasimama ndani kupoza miguu, na mengine waliyoyafanya humo hayatajiki. Mwaka uliopita mhudumu wa afya wa kijiji alipita nyumba kwa nyumba. Alisema maji ya kunywa yachemshwe. Wengi walichemsha wiki moja wakachoka, maana kuni ni kazi. Bibi hakuchoka.

"Mimi nikishika jambo, nimelishika," alimwambia jirani yake, Mama Pacha, wakiwa kijitoni.

"Wewe Bibi utachemsha hata mvua," Mama Pacha akamtania.

"Ikinywewa, nitaichemsha."

Bibi aliishi na mjukuu wake wa kike, mtoto wa miaka miwili. Mama yake mtoto, yaani binti wa Bibi, alikuwa fundi cherehani huko sokoni, mwendo wa nusu siku. Chumba chake cha kazi kilijaa vitambaa, sindano na pasi ya moto. Mtoto alikuwa amekaa naye huko mpaka alipoanza kushika kila kitu, ndipo akaletwa kwa Bibi. Watu walimwita Chiriku. Tangu alipofumbua macho hadi alipoyafumba, mdomo wake haukupumzika. Nusu ya maneno yake hakuna aliyeyaelewa. Bibi aliyajibu yote.

"Bibi, maji! Maji, Bibi! Maji!"

"Nimesikia, mke mwenzangu. Masikio yangu bado mazima."

Bibi alifunua sufuria. Maji yalikuwa yameepuliwa sasa hivi, mvuke unafuka. Mtoto angeungua. Bibi akachota kikombe kimoja cha maji baridi mtungini, yale ya kijitoni ya asubuhi hiyo, akayamimina ndani ya sufuria. Akakoroga. Akachovya kidole. Vuguvugu. Akampa mtoto, naye akanywa mpaka tumbo likatokeza.

Ndivyo alivyofanya kila siku. Ndivyo mama yake alivyofanya pia.

Siku chache baadaye Chiriku alianza kuharisha. Ilikuwa mara ya tatu katika miezi miwili. Jioni macho yalikuwa yameingia ndani, na mdomo ule usiopumzika ukanyamaza. Ukimya huo ndio uliomtia Bibi hofu. Alimbeba mgongoni kwenda zahanati bila kumaliza kula.

Muuguzi alimpa pakiti za dawa ya chumvi na sukari ya kuchanganya na maji, pamoja na vidonge vya zinki. "Pakiti moja kwa lita moja ya maji safi," alisema. "Mnyweshe kidogo kidogo, mara nyingi. Yakipita siku moja, mwaga, changanya mengine. Kidonge kimoja kila siku kwa siku kumi, hata akipona mapema. Na aendelee kula. Ukiona damu kwenye choo, au hawezi kunywa, au amelegea, mrudishe mbio."

Habari zilifika sokoni. Binti akaja siku ya tatu, vumbi mpaka magotini. Alimkuta mtoto ameketi, lakini mikono imekuwa kama vijiti. Alimpakata kwanza. Kisha akasema bila kumtazama mama yake.

"Mama, mara ya tatu hii."

"Naijua hesabu, mwanangu."

"Mama mkwe amesema nimpeleke kwake."

Bibi aliweka chini ungo wake. "Amesema kwa nini?"

"Amesema labda huku maji..."

"Maji? Mimi? Mwambie huyo mama mkwe wako mimi nachemsha! Kijiji kizima nachemsha peke yangu!"

"Najua, Mama. Lakini mtoto anaumwa." Binti alimkumbatia mtoto. "Mwezi ujao, siku ya kupima watoto kwenye mizani, nitakuja. Kama hajaongezeka uzito, nitamchukua. Usinichukie."

Bibi aliuokota ungo wake. Mtoto kweli alikuwa anaumwa, na yeye kweli alikuwa anachemsha. Mambo hayo mawili aliyageuza kichwani siku nzima yasikae pamoja.

Kesho yake akatuma ujumbe kwa mhudumu wa afya: aje, na asikawie.

Mhudumu alikuwa kijana mrefu mwenye baiskeli na mkoba wa turubai. Bibi alimjua tangu akiwa na kamasi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Kaa. Wewe uliniambia nichemshe. Nimechemsha. Mtoto anaharisha. Sasa niambie, ulinidanganya au ulikosea?"

Kijana akacheka kwa adabu. "Sijakudanganya, Bibi. Ila sijui kosa liko wapi. Nina ombi moja."

"Sema."

"Fanya kazi zako za maji kama siku zote. Mimi nikae hapa nitazame tu. Usinitengenezee chochote."

"Utanitazama kama sinema?"

"Kama sinema, Bibi. Na sitatia neno."

Bibi akaguna, lakini akainuka. Mhudumu akafuata nyuma mpaka kijitoni, akarudi naye. Aliona ndoo ikioshwa. Aliona maji yakichujwa kwa kitambaa cheupe. Aliona sufuria ikibandikwa, kuni zikichochewa, mpaka maji yakatokota na kurukaruka. Kila hatua alitikisa kichwa kwa kukubali. Bibi naye kifua kilikuwa kinapanda kidogo kidogo. Maji yakiwa jikoni, alikaa akaanza kuchambua maharage, huku akimtupia mgeni jicho.

"Umeona uchafu wapi?"

"Sijauona. Bibi, hakuna nyumba katika kijiji hiki inayofanya vizuri hivi."

"Basi mwandikie mama mkwe wa binti yangu barua."

Maji yakaepuliwa. Chiriku, aliyekuwa ameanza kupata nguvu, akaja akijikongoja. "Bibi, maji."

"Haya, mke mwenzangu." Bibi akachukua kikombe, akachota mtungini, akamimina kwenye sufuria, akakoroga, akachovya kidole.

Mhudumu akasimama. Alikuwa ameahidi kutotia neno. Akakohoa.

"Umepaliwa?" Bibi akauliza.

"Bibi, naomba usimpe kwanza. Hicho kikombe ulichomimina, maji yake yametoka wapi?"

"Mtungini."

"Na ya mtungini?"

"Kijitoni, si umenifuata mwenyewe?"

"Yamechemshwa?"

Bibi akautazama mtungi. Kisha akasema, "Lakini yameingia kwenye maji ya moto. Si yanakufa humo, hao wadudu wako?"

"Maji yalikuwa ya moto. Ulipomimina ya baridi, yakawa vuguvugu. Umechovya kidole hukuungua. Kama kidole hakikuungua, wadudu nao hawakuungua. Wanaogelea tu." Akaongea polepole. "Wadudu wa kuharisha ni wadogo mno, jicho haliwaoni. Moto wa kutokota unawaua. Ukishawaua, kikombe kimoja kinarudisha wengine wazima."

Bibi alitazama sufuria. Akatazama ungo aliouacha kando. Upande mmoja kulikuwa na maharage safi. Upande mwingine kulikuwa na ambayo hayajachambuliwa, yana mawe na takataka. Akachukua konzi moja la yale machafu, akalishika juu ya yale safi. Hakulimwaga.

"Kwa hiyo nimekuwa nikichambua maharage asubuhi nzima," alisema, "nikimaliza narudishia konzi la mawe."

"Bibi, hata mimi nisingelieleza vizuri hivyo."

"Na mtoto ndiye aliyekuwa anayatafuna."

Machozi yalimlenga. Mhudumu akasogea karibu.

"Bibi, kosa si lako peke yako. Mimi nilipopita mwaka jana nilisema 'chemsheni'. Sikusema 'na mpoze vipi'. Nilidhani kila mtu anajua."

"Ulisema nusu."

"Nilisema nusu."

"Basi leo sema yote. Na usiruke hata kimoja."

Mhudumu akasema yote. Maji yakitokota, yaepuliwe, yafunikwe, yaachwe yapoe yenyewe. Yasitiwe ya baridi hata tone. Yamiminwe kwenye dumu safi lenye mdomo mwembamba na kifuniko, ili asitie mtu mkono wala kikombe ndani. Wakati wa kunywa, dumu liinamishwe.

"Na kidole, Bibi."

"Kidole kimefanya nini tena?"

"Kisichovywe. Mkono unashika kuku, kuni, nepi. Na mikono ioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka, ukitoka chooni, ukimsafisha mtoto, na kabla ya kumlisha."

"Sabuni ikiisha?"

"Majivu uliyosugulia sufuria yanaweza kusaidia mpaka upate sabuni."

Bibi akamwaga yale maji ya vuguvugu kwenye mche wa mpapai. "Wewe kunywa," aliuambia mche, "tumbo lako ni la mti."

Siku ya kwanza ilikuwa ngumu. Maji yalikuwa ya moto, Chiriku analia kiu, na mkono wa Bibi ukaenda wenyewe mtungini. Akaurudisha kama mtu aliyeshika kaa la moto. Akazunguka jiko mara mbili akifikiri. Kisha akachukua beseni, akalitia maji ya kijitoni kiasi cha kufika nusu ya ubavu wa sufuria. Akaitumbukiza sufuria humo, kifuniko juu. Maji baridi yakabaki nje, yaliyochemshwa yakabaki ndani. Hayakukutana. Baada ya muda mfupi yalikuwa yanaweza kunyweka.

Mhudumu alipopita aliona beseni, akainama, akalitazama sana.

"Nani amekufundisha hili?"

"Mtoto anayelia ni mwalimu mkali."

Kuanzia hapo Bibi alichemsha jioni, kwenye moto uleule wa chakula, kuni zisiende bure. Asubuhi dumu lilikuwa limejaa maji baridi. Alimwambia Mama Pacha, wakiwa wamejitwisha ndoo zao.

Mama Pacha akasimama katikati ya njia. "Kikombe kimoja tu?"

"Kimoja tu."

"Bibi, mimi natia viwili! Ndiyo maana nilisema kuchemsha hakusaidii kitu, nikaacha!"

Wakatazamana. Wakaanza kucheka mpaka maji yakawamwagikia shingoni. Wiki ile Mama Pacha alirudi kuchemsha. Wanawake wanne wengine nao wakaulizwa, na wote wanne walikuwa wanapoza vilevile.

Siku ya mizani ikafika. Binti alikuja asubuhi mapema, akaenda na mama yake na mtoto zahanati. Bibi hakusema kitu njiani. Chiriku alisema kwa niaba ya wote: mbuzi, ndege, kiatu cha mama, mbuzi tena. Wakati mtoto ananing'inia kwenye mizani akipiga mateke, Bibi alifumba macho.

"Kilo kumi na robo," muuguzi alisema. "Mwezi uliopita tisa na nusu. Ameharisha tena?"

"Hata mara moja," Bibi akajibu, macho bado yamefumbwa.

Binti alishika kadi akaisoma mara mbili. Uso ulilegea kidogo tu. Mwezi mmoja, aliwaza, huenda ni bahati tu.

Walifika nyumbani jua limewaka. Dumu walilobeba lilikuwa limekwisha njiani. Bibi akabandika maji mapya. Yakatokota, akayaepua, akaenda kutafuta beseni nyuma ya nyumba.

"Mama, maji!" Chiriku alilia. "Maji, Mama!"

"Haya, mwanangu, haya." Binti akachukua kikombe, akachota mtungini, akakielekeza kwenye sufuria.

Mkono ukamdaka kiwiko. Bibi alikuwa amerudi mbio, beseni limeanguka nyuma yake.

"Unafanya nini?"

"Napoza! Si mtoto ana kiu?"

"Nani alikufundisha kupoza hivyo?"

Binti akashangaa. "Si wewe, Mama? Tangu mdogo nakuona."

Bibi akakichukua kile kikombe taratibu mkononi mwake. "Kule sokoni, alipokuwa anakaa nawe. Ulikuwa unapoza hivi?"

"Kila siku."

"Na alikuwa anaharisha?"

"Alikuwa anaharisha. Nilidhani ni meno." Binti akavuta kigoda, akakaa. Bibi naye akakaa, akamweleza kila kitu, moto, kikombe, kidole, bila kuruka hata kimoja. Alipomaliza, binti alikuwa amejishika mashavu.

"Mama. Nami nilikuja hapa kukulaumu."

"Ulikuwa na haki ya kulaumu. Kosa lilikuwa langu, nikakupa nawe ukalibeba."

"Na mama mkwe..." Binti akawaza, kisha cheko likaanza kumtoka puani. "Mama, mama mkwe anapozea kwa kata ya kuchotea ndooni! Kata nzima!"

"Na huko ndiko ulikotaka kumpeleka mjukuu wangu?"

Wakacheka wote wawili, na Chiriku akacheka kwa kuwa wao wanacheka.

"Atabaki hapa, Mama," binti akasema akijifuta macho. "Mimi nitampitia mama mkwe nikirudi. Sijui nitaanzaje kumwambia."

"Usimwambie kitu. Mwambie afanye kazi zake za maji, wewe utazame tu. Halafu ukohoe."

Bibi akaokota beseni, akalitia maji, akaitumbukiza sufuria na kifuniko chake. Binti akampakata mtoto. Chiriku akalalamika mara tatu kwamba ana kiu, akaanza kuwasimulia habari ya mbuzi. Wote watatu wakakaa kulizunguka lile beseni, wakingoja maji yapoe yenyewe.